Mikono ya Shangazi Ndani ya Simu

Nina sekretarieti ndogo hapa Kamembe, juu kidogo ya kituo cha mabasi. Sekretarieti kwetu ni duka la kuchapa barua, kutoa nakala na kupiga picha za vitambulisho. Chumba cha mbele kina kompyuta yangu na mashine ya kuchapia. Chumba cha nyuma, ambacho mlango wake unafungukia barazani, ni cha shangazi yangu na cherehani yake. Wateja wa mbele huongea sana, hasa wale wanaowahi kuvuka mpaka kwenda Bukavu wakiwa na karatasi isiyokamilika. Wateja wa nyuma wakishaingia hunyamaza, hata wanaosikia vizuri, kwa sababu shangazi ni kiziwi na watu hudhani kwamba mbele ya kiziwi nao ni lazima wawe bubu.

Ni mdogo wa baba yangu. Homa ilimpata akiwa mtoto wa kunyonya, ikaondoka na masikio yake. Ukoo wetu ni wa mafundi cherehani tangu enzi ya babu, Waislamu wa hapa hapa mjini, na nyumba nzima ilijifunza kuzungumza naye kwa mikono. Ishara zetu hazikutoka shuleni. Baba alikuwa kidole kinachopita juu ya nyusi, kwa sababu ya kovu lake. Sukari ilikuwa kulamba kiganja. Mimi nilipoanza kazi ya kompyuta nikapewa jina jipya: vidole viwili vinavyodonoa hewani kama kuku anayekula mtama. Mpaka leo ndilo jina langu kwake.

Siku moja ya soko alikuja mwanamke kutoka Nyakabuye kutoa nakala za hati ya shamba. Alikuwa mtu mzima, amefunga kitambaa kichwani kwa namna ya kina mama wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Wakati mashine inapasha moto, shangazi alitoka chumba cha nyuma na kikombe cha chai yangu, akakiweka mezani, akaniuliza kwa mikono kama nyuzi nyeupe zimeletwa. Nikamjibu kwamba zitakuja mchana. Akanikaripia kidogo kwa jinsi nilivyokaa nimepinda mgongo, akarudi kwenye kazi yake.

Yule mama alisahau nakala zake. Alikuwa anautazama mlango aliopitia shangazi.

“Samahani, Maman,” akasema. “Ule ni nani wako?”

“Ni shangazi yangu.”

“Na ile kazi ya mashini, alijifunzaka wapi?”

“Kwa baba yake. Ni fundi, anashona kila kitu.”

Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. “Miye niko na mutoto kama ule,” akasema. “Mutoto mukubwa, sasa iko na bwana, na kamtoto kadogo. Hasikiake. Tulimupeleka masomo ya baviziwi miaka kidogo, kisha feza ikakosa. Sasa anakaaka tu mu nyumba. Batu banasema haiwezi kujifunza kitu. Miye sikukuwa najua kama muntu kama yeye anaweza kuwa na kazi yake na mulango yake.”

Alikulia Bukavu, akanieleza, na alirudi Rwanda na mumewe wakapata shamba Nyakabuye. Alikuwa mtu wa kanisa, na binti yake alikuwa amekutana kanisani na wanawake wengine watatu viziwi wa vijiji vya karibu. Nilimwita shangazi, nikamtafsiria. Shangazi alisikiliza kwa macho, kisha akauliza swali moja tu: huyo binti ana mikono mikavu au yenye jasho? Mama alicheka, akasema mikavu. Shangazi akasema aje.

Wakaja wote wanne. Kwa muda walikuwa wanapanda gari kila wiki kutoka Nyakabuye, na baraza letu likajaa mikono. Kwa kuwa baadhi ya ishara zao zilikuwa za shule na za shangazi zilikuwa za nyumbani kwetu, mwanzoni walibishana sana juu ya majina ya vitu. Binti wa yule mama ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuuliza, na alikuwa na tabia ya kumgusa shangazi begani kila alipotaka arudie jambo. Shangazi hakuwahi kuvumilia kuguswa-guswa kazini, lakini kwa huyu alivumilia.

Kisha msimu wa kulima ukafika. Mtoto wa yule binti akaanza kuugua tumbo kila wanapopanda gari, na wale wengine wakahitajika mashambani. Shangazi naye alikuwa hapandi gari kwenda upande ule kwa sababu ya kona. Alikuwa amejaribu mara moja, akashuka njiani akiwa amejishika kichwa. Masomo yakakatika wakiwa ndio kwanza wamejua kushona sketi. Shati la kiume, ambalo ndilo shangazi hulihesabu kuwa ushonaji wenyewe, walikuwa hawajaligusa.

Alihuzunika. Hakusema, lakini alianza kusafisha cherehani isiyo chafu.

Wakati huo nilikuwa nimejifunza jambo jipya katika kazi yangu. Mteja mmoja wa mambo ya ujenzi alikuwa ameniletea maombi ya zabuni yaliyotakiwa kutumwa kama faili moja, na ndani yake vibali, michoro na picha za eneo, vyote viambatishwe humo humo, na juu ya ukurasa wa kwanza kuwe na vitufe vya kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kila kitu. Niliihangaikia kazi ile mpaka nikaielewa, na nilipoielewa nikaipenda. Nilikuwa nimezoea kwamba hati ni kitu bapa: unaandika, unachapa, unapiga muhuri. Kumbe hati nayo inaweza kushonewa mifuko.

Nilimweleza shangazi kwa maneno hayo hayo. “Nitawatengenezea kitabu cha shati,” nikamwambia kwa mikono. “Kitakuwa na mifuko. Ndani ya mfuko kuna patroni.” Patroni ni zile karatasi za kukatia kitambaa. Alinitazama kwa shaka ya fundi anayeambiwa kwamba kitambaa kitafika kesho, lakini akakubali.

Nikaandika. Niliandika hatua zote, kuanzia kupima mabega mpaka kupiga pasi kola, kwa Kinyarwanda safi na Kiswahili safi, nikaweka picha ndogo pembeni na patroni katika viambatisho. Nilijivunia sana. Nilipomwonyesha, shangazi alishika karatasi ya mfano niliyochapa, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena, akairudisha mezani.

“Hii ni yako,” akasema. “Nimeona vidole vyako tu. Vyangu viko wapi?”

“Maelezo ni yako. Mimi nimeandika ulivyoniambia.”

“Wale wanasoma?”

Nikawahesabu kwa vidole. Mmoja wao, yule binti, alikuwa anasoma kidogo. Wengine watatu walikuwa wanajua kuandika majina yao na basi. Shangazi mwenyewe hasomi. Nilikuwa nimewaandikia kitabu watu wasiosoma, na nikakipamba.

Akatoa simu yake. Shangazi anapenda simu kuliko mimi. Hutazama video za washonaji wa nchi za mbali, watu ambao hata lugha yao siijui, na anaelewa kila kitu kwa sababu anatazama mikono. Akanionyesha mwanamke mmoja anayepinda ukingo wa gauni. Akauzungusha ule upindo hewani, akagonga kioo cha simu kwa ukucha, akagonga kifua chake.

Basi tukaanza upya. Kitabu kingekuwa na shati moja lililochorwa ukurasa mzima, bila maneno. Ukibonyeza kola, unaona mikono ya shangazi inashona kola. Ukibonyeza mkono wa shati, unaona anavyouingiza begani bila kukunja. Patroni zingebaki katika mifuko yake, na kila ukurasa ungekuwa na kitufe chenye picha ya jicho: mwanafunzi akikwama, anabonyeza jicho, mazungumzo na shangazi yanafunguka, anamtumia video ya pale alipokwama. Kitufe cha jicho kilikuwa wazo lake. Mimi nilitaka kuweka alama ya kuuliza, akaniambia hajui ile ndoano ni ya nini.

Tulirekodi barazani, wakati wa mwanga wa asubuhi. Shangazi alivaa gauni la Idi na mtandio wa kijani. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la vifungo, na kamera tuliigeuza upande wa uso wake ili ajione mwenyewe akiwa anashona, ajue kama mikono imetoka nje ya picha. Aliipenda hali hiyo. Alikuwa akiona kiwiko kimekatwa, anarudi nyuma kidogo, anaendelea. Alifanya kazi polepole kuliko kawaida, akinyanyua kitambaa mbele ya kamera, akionyesha kwa kidole mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, kama vile wale wanne wamekaa mbele yake.

Siku ya pili alisimama katikati ya kola akanitazama.

“Unamwambia nani?” akauliza.

Ndipo nilipogundua kwamba muda wote nilikuwa nimesimama nyuma ya simu nikisimulia. “Sasa tunageuza kola, tunasukuma ncha kwa mkasi uliofungwa.” Kwa sauti nzuri kabisa, kama mtangazaji wa redio. Nilikuwa nimesimulia video zote, kwa ajili ya watu wasiosikia. Nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye pedali. Kicheko chake ni kikubwa na kinapanda juu ghafla, kwa sababu hajawahi kukisikia akakirekebisha, na mteja aliyekuwa dukani akaja kuchungulia kuna nini.

Kuzipachika video ndani ya hati hakukuwa kazi rahisi. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilifanya kazi: unabonyeza kola, kola inaanza kushonwa. Nikaituma kwenye simu ya shangazi, na huko shati likawa picha tu. Ulibonyeza, halikutikisika. Simu nyingi hufungua hati ya aina ile lakini haziingizi mkono mifukoni. Nilijaribu njia moja na nyingine, nikapunguza ukubwa wa video, nikabadilisha aina zake, mpaka mwisho nikaacha hati ile kabisa nikaunda kitu kile kile kama kitabu cha kufungulia kwenye simu, faili ambayo inabeba video tumboni mwake na inafunguka kwa programu ya bure. Hakikuhitaji mtandao isipokuwa kwa kitufe cha jicho. Shangazi alibonyeza kola. Mikono yake mwenyewe ikaanza kutembea ndani ya kiganja chake. Alitazama mpaka mwisho, akarudia, akasahihisha kwa kidole mahali fulani kana kwamba yule wa ndani angemwona.

Yule mama wa Nyakabuye alikuja kuchukua. Nilimwekea kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, na patroni nikazichapa vipande vipande vya kuunganisha kwa gundi. Nilimfundisha kufungua.

“Donc nafinya hapa tu?” akauliza.

“Finya kola.”

Akafinya. Akaitazama video yote, midomo wazi. “Anafundisha hata saa haiko,” akasema taratibu. “Anaweza kulala, na huku iko nafundisha.” Akaifunga kadi ndani ya leso, akaiweka kifuani.

Baada ya hapo jicho likaanza kulia. Shangazi ameweka simu yake itetemeke, naye huiweka mfukoni upande wa kiuno, kwa hiyo nilikuwa namwona akishtuka kidogo katikati ya kazi, anafuta mikono, anaitoa. Wanatuma kola iliyovimba upande mmoja. Anawajibu kwa video, kola yake mkononi, anawaonyesha mahali pa kupunguza. Wanatuma tundu la kifungo lililofumuka. Wanatuma mfuko. Wanatuma kiganja kilichochomwa na pasi, na huyo aliambiwa apumzike. Shangazi alikuwa akija kunionyesha kila kipande, kipande kimoja kimoja, akikikuza kwa vidole ili nione mshono. Chai yangu siku hizo ilipoa mara nyingi, nami sikujali.

Msimu wa mavuno ulipokwisha, yule binti alituma ujumbe wa video: mashati yamekamilika, manne, Maman aje ayaone. Maman alikuwa ni shangazi. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, hakuzaa. Alinitaka nimthibitishie kwamba ile ishara nimeiona kama alivyoiona yeye, kiganja kifuani halafu kidole kwake. Nikamwambia ndiyo. Akasema atakwenda, kona au si kona.

Tulimkatia kiti cha mbele, karibu na dereva, akatafuna tangawizi njia nzima na macho ameyaelekeza barabarani bila kuyageuza kando. Tulipoanza kushuka kuelekea tambarare ya Bugarama joto likaingia kwenye gari, akalegeza mtandio, akaniinulia kidole gumba. Alikuwa mzima.

Yule mama alitupokea njiani, akatuongoza mpaka nyumbani kwa binti yake. Wale wanne walikuwa wamesimama mstari mmoja, wamevaa nguo za kutokea. Mashati matatu yalikuwa yametundikwa kwenye kamba ya uani, yamepigwa pasi, na la nne lilikuwa limevaliwa na mume wa binti, mkulima mpole mwenye mabega mapana, ambaye alikuwa amesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Shangazi alikwenda kwenye kamba. Alipitisha kidole ndani ya kola ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Akavuta mshono wa bega. Akaukubali. Kisha akasimama. Akaligeuza shati, mbele nyuma, nyuma mbele. Akaenda la pili, akaenda la tatu. Akamfuata mume wa binti, akamshika ukingo wa shati pale kifuani, akamfungua kifungo kimoja na kumfunga tena, na yule mwanamume akabaki ametazama juu mawinguni.

“Nini?” nikamuuliza.

“Ni ya kike,” akasema.

Nikasogea. Kweli. Shati la mwanamume matundu hukaa upande wa kushoto wa mvaaji, na vifungo kulia. Haya yalikuwa kinyume. Yote manne. Kola zilikuwa nzuri, mikono imekaa vizuri mabegani, vifungo vimeshonwa kwa nguvu, na yote yalifungika kama blauzi.

Wale wanne walikuwa wanausoma uso wake, na watu wasiosikia husoma uso upesi kuliko sisi. Yule binti alitoka mstarini. Hakuonekana kuogopa. Alileta karatasi ya patroni, ile niliyoichapa mimi, akaonyesha alama iliyowekwa upande wa matundu. Kisha akafungua kitabu cha shati kwenye simu, akabonyeza kifua, akaiweka mbele ya macho ya shangazi.

“Karatasi ilisema hivi,” akasema kwa mikono. “Mikono yako ilisema vile. Tulikaa, tukajadiliana. Tukafuata mikono.”

Shangazi akaitazama video. Nami nikaitazama juu ya bega lake. Ndani ya simu shangazi alikuwa anashika mkasi kwa mkono wa kushoto. Maisha yake yote anakata kwa mkono wa kulia. Ile kamera tuliyoigeuza ili ajione ilikuwa imerekodi kama kioo, kulia kukawa kushoto, na mimi nilikuwa nimezipachika zote vile vile, nikazikagua moja baada ya nyingine nikitafuta kama zinafunguka.

“Wewe hukuona?” nikamuuliza.

Alifikiri. “Najiona kwenye kioo kila siku,” akasema. “Nilijiona vile vile.”

Nikawaeleza wote, nikatumia kioo kidogo cha ukutani ambacho yule mama aliniletea. Nilishika mkasi mbele ya kioo, nikawaonyesha mkono uliopo na mkono ulio ndani. Yule binti alielewa kabla sijamaliza. Akamgeukia mumewe, akamshika mkono wa kulia, akamshika wa kushoto, akaonyesha shati, na mumewe, ambaye alijua ishara zao za nyumbani tu, akasema kwa sauti, “Ndiyo maana niko nashindwa kuifunga tangu asubuhi. Nilizani ni vidole vyangu.”

Nikawatafsiria shangazi na wale wanne. Hapo ndipo kile kicheko cha shangazi kilipopanda katika ua wa wenyeji wetu, na kuku wakatawanyika. Wale wanne wakacheka naye, kila mmoja kwa sauti aliyopewa bila kuichagua. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la viazi, akicheka na kujifuta macho kwa bega.

Nilitegemea shangazi aseme yafumuliwe. Namfahamu, amewahi kufumua nguo ya bibi harusi asubuhi ya harusi. Badala yake alilichukua shati moja kwenye kamba, la rangi ya maji ya bahari ya kwenye picha, akamwita yule mama kwa mkono, akamvalisha. Akamfunga vifungo. Akarudi nyuma. Akabana kiuno kwa pini mbili pembeni.

“Shati ya mwanaume?” mama akauliza, akijitazama.

“Sasa ni yako,” nikamtafsiria.

“Kweli? Basi nitaivaa mu kanisa,” akasema. “Banaume bapate zabo.”

Mchana ule shangazi alikaa chini ya paa la bati na wale wanne, akawaonyesha mbele ya macho yao, bila kamera, shati la kiume linavyokaa. Hawakuhitaji kurudiwa; mikono yao ilikuwa tayari inajua kila kitu isipokuwa upande. Mashati mengine mawili wakayabana kiuno vile vile. Lile la mume alikataa kulivua. Alisema ameshalizoea, na mtu anayelima anaweza kufunga shati upande wowote. Tulikula viazi na maharage, na binti akamwekea shangazi mtoto wake mapajani, naye mtoto akaanza kumvuta mtandio. Njiani kurudi shangazi alilala hadi Kamembe. Kona hazikumfanya kitu.

Kuzigeuza video kulikuwa kazi ndogo kuliko nilivyoogopa. Programu ina kitufe chake cha kugeuza, kulia kunakuwa kulia tena. Nilizigeuza zote nikazipachika upya, na sasa kila nikipachika picha au video katika hati ya mteja natazama kwanza mikono ya watu waliomo. Video ya kola tu ndiyo shangazi aliyokataa igeuzwe. Alitaka irekodiwe upya, kwa sababu mtandio ulikuwa umekaa vibaya. Tukairekodi kwa kamera ya nyuma, naye akalalamika kwamba hajioni, nami nikasimama kimya kabisa.

Kitabu sasa kimenenepa. Yule binti alinitumia video zake mwenyewe, akiwa na mtoto mgongoni, za kushona gauni la mtoto la kamba mabegani, ambalo shangazi hajawahi kulipenda kwa kuwa halina kazi. Aliomba ziingie kwenye ukurasa wake, na kitufe kiwe picha ya mtoto. Nimeuweka. Wanawake wengine viziwi wa upande wa Bugarama wamekipata kwa kupitishiana kadi, watu ambao sisi hatujawaona, na jicho hulia kutoka kwao pia. Baadhi wanamuuliza shangazi, na baadhi wanamuuliza yule binti.

Jana nilipeleka nyuzi chumba cha nyuma, nikamkuta shangazi ameegemeza simu kwenye cherehani. Alikuwa anatazama ukurasa wa gauni la mtoto. Binti alikuwa ametumia ishara ya shule kwa neno “uzi”, kidole kidogo kinachojivuta kutoka kwenye kingine kama kinachofumuka. Sisi nyumbani uzi tumeufanya siku zote kwa kulamba ncha ya kidole. Shangazi alirudisha video nyuma, akaijaribu ile ishara mpya, akaikosea, akarudisha tena. Aliponiona nimesimama mlangoni aliniambia nisogee, ninamzuilia mwanga.